Kupatanisha Macho

Daktari aliandika tano. Mimi niliandika tatu. Tulikuwa tumelitazama tumbawe lilelile, yeye upande wake na mimi upande wangu, maji yakitufika kifuani na jua likiwa utosini, kila mmoja ameshika kibao chake cha plastiki tunachoandikia majini kwa penseli ya kawaida. Aliposoma kibao changu alipandisha miwani ya kuzamia hadi kwenye paji la uso, akatabasamu kama mtu anayemsikiliza mtoto akisoma sentensi yake ya kwanza. Alisema si kitu, macho hujifunza. Akashusha miwani, tukaenda kwenye tumbawe linalofuata. Nako tukatofautiana.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi, cheti changu cha chuo kikiwa bado kinanukia wino. Pale kituoni, kila msimu unapoanza, watafiti hupatanisha macho kabla ya kupima chochote. Mwenyeji na mgeni huogelea bega kwa bega juu ya mwamba. Kila mmoja huliandikia kila tumbawe alama ya rangi bila kumchungulia mwenzake, halafu wanalinganisha. Moja ni jeupe kabisa, tumbawe lililopauka. Sita ni kahawia iliyokolea, tumbawe lenye afya. Ukahawia huo si wa tumbawe lenyewe, ni wa vijimea vidogo mno vinavyoishi ndani ya ngozi yake na kulilisha. Maji yakizidi joto, tumbawe huvitema vijimea vyake, likabaki jeupe na lenye njaa. Likiwahi kuvirudisha, linapona. Lisipowahi, linakufa na kuota mwani kama kaburi lililosahauliwa. Basi ile namba kwenye kibao ni sawa na kumpima mgonjwa homa, na hakuna anayetaka vipimajoto viwili vinavyopingana. Mgeni ndiye anayejirekebisha mpaka afanane na mwenyeji. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na yangu ilikuwa fupi.

Kadi ya rangi ilikuwepo, sikatai. Ni kipande cha plastiki chenye viraka kuanzia cheupe hadi kahawia. Unakiweka kando ya tumbawe, unalinganisha, unaandika. Chuoni ndivyo tulivyofundishwa. Daktari alikuwa ameacha kuitumia zamani. Alisema kadi huliwa na chumvi ikachujuka, na kwamba aliyeishika miaka yote ile hana haja ya kuibeba, kama mpishi mzoefu asivyopima chumvi kwa kijiko. Niliona ana haki. Ndiye aliyechora ramani ya mwamba ule kwa mkono wake. Ndiye aliyegundua, misimu ya joto ilipopita na miamba yote ya jirani ikageuka mifupa, kwamba huu mmoja unabaki na rangi yake. Aliuita Mwamba Mama. Watu walisafiri kutoka mbali kuja kumsikiliza akiueleza, na mimi mwenyewe nilichagua somo hili kwa sababu siku moja alikuja darasani kwetu na kusema kwamba bahari bado haijakata tamaa, tusiitangulie.

Mpango wake ulikuwa mzuri kiasi kwamba niliusimulia hata kwa wasioniuliza. Tungekata matawi ya Mwamba Mama na kuyapandikiza kwenye miamba iliyokufa, kama mtu anavyochukua vipandikizi vya muhogo. Tumbawe likikatwa huponya kidonda chake lenyewe na kuota upya, mradi limeshiba. Lenye njaa haliponi. Ndiyo maana kanuni ilikuwa moja: hukatwa lile tu lenye alama ya nne na kuendelea. Wageni wa kusaidia kazi hiyo, wenye mikasi na vifaa vya kupandia, walikuwa njiani, watafika baada ya wiki chache.

Nahodha wa boti yetu, mtu mfupi mwenye maneno marefu, alinibandika jina la Digrii tangu siku ya kwanza. Nikipanda botini anauliza, "Digrii, leo umepata ngapi?" Nikimwambia tumepishana tena, anatikisa kichwa kwa masikitiko ya uongo na kusema chuo kirudishe ada. Kuhusu Daktari hakuwa na mzaha. Alisema yule mama akitazama maji tu anajua samaki gani amepita jana. Mwenye macho haambiwi tazama, alisema.

Nyumbani nilikuwa naishi kwa dada yangu. Shemeji yangu aliposikia kwamba kazi yangu ni kuangalia mawe na kusema yana rangi gani, alicheka mpaka akaweka kikombe chini, akauliza kama na yeye anaweza kuajiriwa, maana mawe ya pale uani anayajua yote kwa rangi. Lakini aliponiona sicheki alikuwa wa kwanza kusema, "Shemeji, kapime macho basi, ujue moja." Nilikwenda. Mpimaji aliniweka mbele ya herufi, akaniwekea vitabu vya vitone vya rangi, akaniambia nina macho ya mwewe, niondoke nikawape nafasi wagonjwa.

Nilitoka pale nikiwa nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia. Kama macho yangu ni mazima, basi kilicho kibovu ni kitu kilicho nyuma ya macho, na hicho hakina miwani. Nilijiambia pengine sijui kutazama. Nilijifunza matumbawe kwenye picha na kwenye matangi ya maabara, chini ya taa. Daktari alijifunza baharini. Nilijaribu kupiga picha nikazitazame kwa utulivu, lakini maji huvisha kila kitu rangi ya buluu, na kwenye skrini tumbawe lilelile lilikuwa zambarau asubuhi na kijani jioni. Daktari alinisikitikia. Alisema kamera ni shahidi asiyejua lugha ya mahakama.

Basi nikajirekebisha. Sikudanganya, au nilidhani sidanganyi. Nilipoona mbili nilijiuliza yeye angeona nini, nikatazama tena kwa kumwiga, nikaukuta ukahawia kidogo kwenye kivuli cha tawi, nikaandika tatu. Siku nyingine nikaandika nne. Kidogo kidogo namba zetu zikaanza kukaribiana, na kila zilipokaribiana Daktari alinipiga begani kwa kiganja chenye maji na kusema, "Umeona, mwanangu?" Na nilikuwa naona kweli. Hilo ndilo linalonisumbua hadi leo. Ilifika mahali nikitazama mwamba ule niliuona wa kahawia, na weupe wa siku za kwanza nikaukumbuka kama ndoto ya mtu mwenye homa.

Tulipofikia kukubaliana karibu kote, alinipa kazi ya kufunga alama: kamba fupi za rangi ya chungwa, kila tumbawe la kukatwa lifungwe yake kwenye shina. Nilifunga siku nzima. Nilipokuwa nalifunga moja karibu na ukingo wa mwamba, wingu lilipita, mwanga ukabadilika kwa pumzi chache, na tumbawe likanitokea jeupe mikononi mwangu kama sahani. Wingu likaondoka. Likawa kahawia tena, au mimi nikawa mwerevu tena, sijui. Nilifunga kamba. Nilipoibuka Nahodha aliniuliza mbona nimepauka mimi badala ya mawe.

Wiki hiyo kituo kilikuwa kinapakwa rangi kwa ajili ya wageni. Daktari alitaka ofisi kubwa iwe nyeupe tupu, maana ndimo atakamoonyesha picha zake ukutani. Fundi rangi alifanya kazi nzuri mpaka alipofika ukuta wa nyuma. Hapo ndoo ikaisha. Duka alikonunua halikuwa na nyeupe nyingine, na yeye alikuwa ameahidi kumaliza siku ile, basi akaupaka ukuta ule rangi ya krimu iliyobaki kwenye kazi ya mtu mwingine. Akaomba Mungu. Tulipoingia sote tuliuona papo hapo. Kuta tatu kama karatasi na mmoja kama maziwa ya unga. Nahodha aliupigia mluzi. Alimwambia fundi akusanye brashi zake mapema, maana mwenye chumba hiki ni mtu anayetenganisha kahawia sita ndani ya bahari, hii krimu ya nchi kavu ataisikia hata kwa harufu. Fundi akawa anajifuta jasho kwa kitambaa chenye rangi, akizidi kujipaka.

Daktari akaingia. Aligeuka taratibu katikati ya chumba, akatazama kuta zote nne, akafumbata mikono kwa furaha. Alisema chumba kimefunguka. Alisema amemtafuta fundi wa namna hii siku nyingi, mtu anayesikia neno nyeupe na kuleta nyeupe.

Fundi hakuthubutu hata kushukuru. Daktari alipotoka, Nahodha alimkumbatia wakacheka kimyakimya, mabega yakiwatetemeka. Walisema mama yule ana moyo. Ameona na amemsitiri mtu masikini. Mimi pia nilidhani hivyo, na nilimpenda zaidi kwa hilo. Jioni, nilipomkuta peke yake mle ofisini akipanga viti, nikataka kumwambia tu kwamba nimeona wema wake. Nikamuuliza kama ukuta wa nyuma haumsumbui.

"Ukuta una nini?" akauliza.

Akausogelea. Akauinamia, akapitisha kiganja juu yake polepole, kutoka dirishani hadi kwenye kona, kama mtu anayetafuta ufa. Akapapasa pembeni mwa swichi ya taa. Akarudi nyuma, akauangalia, akaniangalia.

"Sioni kitu, mwanangu. Kuna unyevu?"

Nilisema labda ni kivuli. Nilitoka nje nikasimama karibu na tangi la maji, na kwa muda mrefu sikuweza kufikiri jambo likafika mwisho. Kila wazo lilianza vizuri na kukatikia njiani. Kama haoni krimu, basi. Kama haoni krimu, basi ile tano yake. Kama ile tano ilikuwa tatu, basi mimi. Basi kamba zangu zote za chungwa.

Nikampigia simu aliyenitangulia kazini, kijana aliyekuwa msaidizi wa Daktari kabla sijaja, sasa yuko kazi nyingine kabisa, anauza vifaa vya maji. Tulisalimiana, nikamuuliza kwa kuzungukazunguka aliwezaje kupatana naye macho. Akacheka. Akasema ni rahisi: unaongeza moja. Tumbawe likiwa kivulini unaongeza mbili. Mambo yanakwisha.

"Na hukumwambia?"

"Nimwambie nini? Nilijua macho yangu ndiyo mabovu." Kisha akauliza, "Kwani na wewe unaongeza?"

Nilikata simu. Watu wawili wenye macho mazima walikuwa wamejifundisha upofu, kila mmoja kwa siri, kila mmoja akiona aibu. Na kabla yetu walikuwepo wengine. Wahenga wanasema penye wengi hapaharibiki neno. Sisi tulikuwa wengi, na neno tulikuwa tumeliharibu kwa heshima zote.

Nyumbani nilimweleza dada. Alikuwa anakunja nguo, aliendelea kukunja. Nilimwambia kwamba nikikaa kimya, wageni watakata matumbawe yenye njaa na hayatapona, na mwamba pekee uliobaki tutakuwa tumeuua kwa mikono yetu. Nikisema, namwambia mtu aliyenifundisha kuipenda bahari kwamba miaka sijui mingapi ya maisha yake ameiandika vibaya. Na huenda nimekosea. Huenda amechoka tu. Huenda kweli alimsitiri fundi, na ile papasapapasa ilikuwa mchezo.

"Mdogo wangu," alisema, "hapo unamwonea huruma nani? Yeye au hayo matumbawe?"

Nilisema wote. Akasema basi anza na anayeweza kusikia.

Asubuhi niliingia ofisini na kadi ya rangi mkononi. Nilikuwa nimeikata viraka vyake kimoja kimoja na kuziondoa namba. Nilikuwa nimejitungia hotuba, ikaniruka yote. Nikasema, "Daktari, naomba tupatanishe macho tena. Safari hii mezani."

Alidhani ni utani, akakubali kwa utani. Alivuta kiti, akakunja mikono ya shati kama mchezaji wa bao. Nilimwaga viraka mbele yake nikamwomba avipange kuanzia cheupe hadi kilichokolea. Kahawia tatu za juu alizipanga bila kusita, kwa ncha ya kidole. Vile vya chini vikamkwamia. Alikisogeza kimoja, akakirudisha. Akavibadilisha nafasi. Akavisukuma viwili pamoja na kusema hivi nimempa viwili vya namna moja, nimtafutie kinachokosekana.

Sikuinuka kutafuta. Nadhani hilo ndilo lililomwambia, kwa sababu aliacha kutabasamu huku mdomo ukiwa bado umekaa vilevile.

"Si namna moja?"

"Hapana, Daktari. Hiki ni moja. Hiki ni tatu."

Alivichukua akaenda navyo dirishani. Aliziba jicho la kulia, akavitazama. Akaziba la kushoto. Akauliza bila kugeuka, "Na ukuta?"

"Ukuta wa nyuma ni krimu. Fundi aliishiwa."

"Mlijua wote."

"Tulijua."

"Mkanyamaza."

"Tulidhani umemsamehe."

Alitoa sauti iliyotaka kuwa kicheko. Kisha akakasirika, na sikushangaa. Aliniambia kadi imechujuka, taa ni mbaya, amesoma kucha kutwa ripoti zenye herufi ndogo. Akasema nirudi na kadi mpya. Nilikwenda mlangoni. Nikasikia ananiita, si kwa ukali tena, na nilipogeuka alikuwa amekaa chini ya ule ukuta wa krimu, viraka viko mapajani mwake.

"Tangu lini?" aliuliza.

Nilimwambia sijui. Nikamwambia habari za kuongeza moja, zangu na za mwenzangu. Alisikiliza huku akikihamisha kiraka kimoja toka kiganja hiki hadi kile. Nilipomaliza alisema jambo ambalo sikulitegemea: kwamba pole, nimepata kazi ngumu sana, kujifundisha kutoona.

Hospitali walimwambia ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Huja polepole kama kutu, walisema, ukungu wa manjano unaotanda ndani ya jicho, na mwenye nao ndiye wa mwisho kujua kwa kuwa kila siku inafanana na jana. Unatibika, atapasuliwa, ataona. Nahodha alipopata habari alisema kumbe na daktari naye huenda kwa daktari, lakini alikuwa amegeukia injini aliposema, na aliifuta injini ile mpaka ikang'aa. Fundi rangi alirudi bila kuitwa, na ndoo ya nyeupe. Daktari akamwambia auache ukuta ulivyo kwanza.

Wageni walifika na masanduku yao. Walikuwa watu wazuri, wachangamfu, wamejipaka mafuta ya jua hadi masikioni. Kiongozi wao alikuwa mama mrefu aliyekuwa amelea matumbawe kwenye matangi maisha yake yote na hajawahi kuona mwamba usiopauka. Daktari hakuwaficha. Aliwaeleza yote palepale chini ya ule ukuta, akawaonyesha kwa kidole, na baadhi walicheka wakidhani anatania. Alisema hakuna mkasi utakaoshuka majini kabla mwamba haujapimwa upya kwa kadi, na atakayepima ni huyu. Akanigusa bega.

Tulitoka na boti mbili maji yalipokupwa. Nilikuwa na kadi mpya imefungwa kwa uzi mkononi. Daktari aliogelea kando yangu bila kibao. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona majini mikono mitupu, na haikujua iende wapi. Nilianzia kwenye kamba ya kwanza ya chungwa. Nikaweka kadi. Mbili. Kamba ya pili: mbili. Ya tatu ilikuwa nne ya kweli. Halafu mbili, mbili, moja, tatu. Kila nilipoandika nilikuwa nasoma hukumu yangu mwenyewe, maana kila kamba niliifunga mimi.

Lakini kulikuwa na jambo lisiloingia akilini. Matumbawe yale hayakuwa yanakufa. Miamba mingine ikipauka kiasi hicho huota mwani kabla msimu haujaisha. Huu haukuwa na mwani. Nilisogeza uso karibu na moja jeupe kama chaki, nikaona midomo yake midogo imefunguka, mamia, ikitikisika ndani ya mkondo, inakula. Lilikuwa na njaa na lilikuwa hai. Nilitoa kichwa majini nikamweleza Daktari. Akaniambia nitazame tena. Nilitazama. Ndivyo ilivyokuwa.

Kiongozi wa wageni alikuwa ameegemea ukingo wa boti. Aliuliza kama mwamba ni mgonjwa au mzima, maana yeye kutoka kwenye maelezo yetu ameshindwa kujua.

Daktari alishika kamba ya nanga, akavuta pumzi. Alisema kama mwamba huu umepauka msimu huu tu, basi ndiyo kwanza unaanza kufa, na yeye ameshindwa kuuona ukianza. Lakini kama umekuwa hivi tangu macho yake yalipoanza kuharibika, basi umeishi na njaa miaka yote hiyo bila kufa, na hicho ni kitu chenye nguvu kuliko alichowahi kuwahubiria watu. Namba zake haziwezi kusema ni kipi, kwa sababu namba zake ni ukungu.

"Wewe unaamini kipi?" mama yule akauliza.

"Leo siamini. Sijui." Akaitazama mikasi iliyopangwa kwenye sanduku. "Hatukati."

Kulikuwa na minong'ono katika boti ya pili. Mmoja alisema wametoka mbali, angalau yale yenye nne. Daktari alisema hata hayo yasubiri. Aliyeyapa nne leo, jana aliyapa nne mengine yasiyostahili, na yeye mwenyewe amesema hayaamini macho yake bado. Aliniangalia kuhakikisha hajanisingizia. Nilitikisa kichwa kukubali. Ni kweli. Kuna tumbawe moja pana, kubwa kama meza ya kulia, nililiwekea kadi na kuiondoa na kuiweka tena, na sikuweza kusema kama ni mbili au tatu. Nikitazama kadi kwanza lilikuwa mbili. Nikitazama tumbawe kwanza lilikuwa tatu. Macho yangu yalikuwa yameshajifunza kitu, na kukisahau hakuna anayenifundisha.

Wageni walifunga masanduku. Mama mrefu alisema atarudi msimu ujao, na kwamba kwa miaka yote ya matangi yake hajawahi kuona tumbawe jeupe linalokula vile. Alilisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kulitisha. Boti yao ikaondoka. Nahodha alitaka kutia moto injini, Daktari akamwomba angoje kidogo.

Nilikuwa nimerudi majini kufungua zile kamba. Sikutaka ziendelee kukaa pale hata usiku mmoja. Mafundo yalikuwa yamekaza kwa chumvi, ilibidi niyalainishe kwa kucha, polepole nisivunje shina. Daktari alishuka akanifuata. Aliweka uso majini juu ya lile tumbawe pana, akakaa hivyo muda, mrija wake wa kupumulia ukitoa sauti ndogo. Kisha akainuka, maji yakimchuruzika kidevuni.

"Bado nauona mwamba wa kahawia," alisema. "Najua sio, lakini nauona."

"Hata mimi," nilimwambia, "wakati mwingine."

Halafu akanyoosha mkono niweke ndani yake kamba zilizokwisha kufunguliwa, tukaogelea hadi kwenye fundo linalofuata.